Siku Mama Bado Alipobadilisha Kikaango

Saa moja kasoro asubuhi, kikaango kipo motoni na hakuna kitu ndani yake. Hakuna mafuta, hakuna kitunguu, hakuna yai. Mpishi amesimama pembeni anakatakata nyanya taratibu, kama mtu asiyejua kwamba gesi yake inawaka bure.

"Mama, hakiungui hicho?" anauliza mwandishi wa gazeti hili.

"Bado," anajibu bila kugeuka.

Nyanya inaisha. Anachovya vidole kwenye bakuli la maji na kurusha tone moja kwenye kikaango. Tone linachemka na kukauka palepale. "Bado," anasema tena, safari hii akijiambia mwenyewe. Anasubiri kidogo, anarusha la pili. Hili halikauki. Linajikusanya na kuwa duara, linakimbia huku na huku juu ya chuma kama gololi.

Hapo ndipo anapopunguza moto, anamimina mafuta, anapasua mayai. Muda si mrefu mayai yanateleza yenyewe hadi kwenye sahani, na kikaango kinabaki cheupe, bila hata ukoko wa kukwangua.

Mtaa mzima unamwita Mama Bado. Jina lake halisi analijua yeye, wanawe na karani wa benki. Ukimharakisha kwa lolote, iwe chai, iwe kufungua geti, iwe kuolewa tena, jibu lake ni hilo moja, na hulitoa kwa utulivu wa kukera.

Kikaango anachokitumia ni cha stenlesi, chuma kile cheupe kisichoshika kutu. Ukikinyanyua utadhani kimejaa mawe. Kukipasha kikiwa kitupu ndiyo siri yake ya mayai yasiyoganda, na ameifanya kila asubuhi tangu akiwa msichana.

Wiki chache zilizopita, siri hiyo hiyo ilikaribia kumwaga unga wake. Kibaya zaidi, ilikaribia kumuua mwenzake wa kazi.

Mwenzake huyo ni kasuku.

Ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu na macho ya mtu anayekudai. Mwenyewe ni Babu, dereva wa treni mstaafu, ambaye ndiye baba wa mwajiri wa Mama Bado. Kasuku anaitwa Kondakta, kwa sababu anapiga filimbi ya treni kuliko treni yenyewe. Tundu lake lilikuwa kwenye chumba cha kulia, karibu na dirisha dogo ambalo sahani hupitishiwa kutoka jikoni.

Kwa kukaa hapo miaka yote, Kondakta amejifunza mazungumzo ya asubuhi. Anauliza "Tayari?" kwa sauti nzito ya Babu, kisha anajijibu "Bado!" kwa sauti ya mpishi. Wageni wa nyumba hii huchukua muda kujua nani kauliza na nani kajibu.

"Mimi nilikuwa namwona msumbufu," anasema Mama Bado huku akifuta meza. "Siku zote naambiwa 'tayari, tayari' na mtu ambaye hata mayai hali. Nilikuwa namwambia, wewe karanga zako unazo, haraka ya nini?"

Alianza kupika akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, pale shangazi yake alipompeleka kwenye kantini ya kiwanda cha nguo. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kumenya viazi na kufunga mdomo. Mpishi mkuu alikuwa mama mmoja mkali ambaye, kwa maneno ya Mama Bado, "akikohoa tu, sote tunasimama wima."

Mama huyo ndiye aliyemfundisha stenlesi.

"Alinipa yai nikaange, likaganda. Akanipa jingine, likaganda. Akaniambia, 'Una haraka. Chuma hiki kipashe kwanza kikiwa kitupu, mpaka maji yakimbie.' Mayai niliyoyaharibu ilibidi niyale mwenyewe, ndiyo ilikuwa adhabu. Siku ile nilishiba mpaka nikachukia kuku."

Kiwanda kilipofungwa alihangaika kwenye majiko ya watu, leo hapa, kesho pale, akiwa mjane mwenye watoto wawili wa kusomesha. Miaka kumi na moja iliyopita ndipo alipoajiriwa kwenye nyumba hii na mshonaji wa nguo za harusi. Mshonaji huyo alikuwa amemleta baba yake kuishi naye, na hakuwa na muda wa kumpikia. Cherehani yake iko sebuleni, na wakati wa msimu wa harusi haisimami kutwa nzima.

Mtoto mkubwa wa Mama Bado amesoma kwa mshahara huo, sasa anajitegemea. Wa mwisho yuko chuo cha uuguzi. Ndiyo maana, anasema, nyumba hii kwake si mahali pa kuja na kuondoka tu.

"Hapa ndipo nilipopata kupumua. Wengine wanakuita 'wewe', hapa naitwa mama. Babu ananiita binti, na mimi nina wajukuu!"

Shida ilianza na mkono. Mwaka jana kifundo cha mkono wake wa kulia kilianza kuuma, kwanza asubuhi tu, baadaye kutwa. Kikaango ambacho alikuwa akikirusha kwa mkono mmoja kikawa kazi ya mikono miwili na kuuma meno. Alifunga kitambaa, na alipoulizwa akasema ni urembo.

"Urembo gani wa kitambaa cha kufutia vyombo?" anacheka mshonaji, ambaye anaongea huku amebana pini mdomoni. "Nikajua huyu ananificha kitu. Siku moja nikamkuta anamimina mayai kwa kuinamisha kikaango juu ya kiwiko. Karibu kimwangukie mguuni."

Daktari alimwambia kwamba mishipa ya kifundo imevimba na kwamba asinyanyue vitu vizito. Mama Bado aliitikia kwa adabu, akaenda nyumbani, na kesho yake akanyanyua kikaango kama kawaida. Kupika ndiyo kazi anayoijua. Akisema hawezi kunyanyua kikaango, alijiuliza, atabaki na kazi gani?

Basi mshonaji akafanya alichoona ni wema. Alikwenda dukani na kurudi na kikaango kipya cha nonstiki, cheusi, chepesi, kile ambacho chakula hakigandi hata ukikipaka mafuta kidogo tu. Akakifunga kwa utepe mwekundu uliobaki kwenye gauni la bibi harusi na kukiweka juu ya meza ya jikoni.

Hapo inabidi ijulikane kwamba Mama Bado, kwa miaka yote hiyo, alikuwa adui wa vikaango vyeusi. Akikiona kimoja jikoni kwa jirani, anaguna. Alikuwa akiviita vikaango vya watu wenye haraka. Kwenye kikundi chao cha akina mama, wakibishana kipi kinafaa nyumbani, yeye alikuwa upande wa stenlesi na hakubali suluhu.

"Lakini nilipokinyanyua kile," anasema, na anaonyesha kwa kuinua mkono hewani, "nilikinyanyua kwa vidole viwili. Mkono haukuuma. Nilisimama pale jikoni nikalia kidogo. Nikasema, kumbe kuna mtu ameniona."

Asubuhi iliyofuata alikiosha, akakikausha, akakiweka motoni. Na kwa kuwa mikono ina mazoea yake, alifanya kile alichokifanya maisha yake yote: aliwasha moto mkubwa, akakiacha kitupu, akaanza kukata kitunguu.

Mama Bado haangalii saa ya ukutani. Saa yake ni kitunguu kimoja na nyanya mbili. Akimaliza kuvikata, stenlesi nzito inakuwa tayari kupimwa kwa maji. Hilo halijawahi kumwangusha. Ila kikaango chepesi hakisubiri nyanya ya pili; kinapata moto mapema sana, na cheusi hakibadiliki rangi ukajua.

Akiwa kwenye nyanya ya kwanza, alisikia harufu kali, kama plastiki inayoungua. Aligeuka akaona moshi mwembamba. Mtu mwingine angezima jiko. Yeye, aliyekulia kwenye kantini ambako kila chombo kipya cha chuma kilichomwa kwanza kabla ya kupikiwa, aliona ni jambo la kawaida.

"Nikasema huo ni upya wake," anasimulia, akitikisa kichwa. "Acha utoke wote leo, kesho hautanisumbua. Nikaenda zangu kuosha mboga kwenye karai. Nasema kweli, niliona nafanya kazi safi kabisa."

Kilichomshtua ni ukimya. Kila asubuhi akiwa kwenye nyanya, Kondakta huwa ameshauliza "Tayari?" mara tatu nne. Siku ile hakuna aliyeuliza.

Alichungulia kwenye kidirisha cha sahani. Kasuku hakuwa kwenye kijiti chake. Alikuwa sakafuni mwa tundu, manyoya yamesimama, mdomo wazi, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi.

Alizima jiko, hajui alilizima vipi. Kisha akalikumbatia tundu zima, lile la chuma ambalo hunyanyuliwa na watu wawili siku ya usafi, akatoka nalo mbio hadi uani. Mkono ulioshindwa na kikaango haukuuliza swali siku hiyo.

Babu alikuwa uani akiota jua. Aliona tundu likija mbio, akaona miguu ya mpishi chini yake. Hakuelewa kitu.

"Binti, kuna nini?"

"Babu, sijui! Sijui, Babu! Hapumui vizuri!"

Mzee akapiga magoti kwenye saruji, yeye ambaye kukaa tu kwenye kiti huomba msaada, akaanza kupiga filimbi ya treni, polepole, karibu na tundu. Kasuku hakujibu.

Kwa Mama Bado, ile filimbi isiyojibiwa ndiyo iliyomkata maini. Babu alifiwa na mkewe, akaacha nyumba yake, akaacha marafiki wa reli. Alichokuja nacho kwa binti yake ni sanduku moja na ndege huyo. Mpishi alijua kwamba Kondakta akifa, nyumba hii haitamfukuza. Watu wake si wa namna hiyo. Ila yeye mwenyewe asingeweza tena kumtengea mzee chai na kumtazama usoni.

Mshonaji aliita teksi akiwa na futi ya kupimia shingoni, wakaenda kwa daktari wa wanyama. Daktari huyo, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alimtazama kasuku mara moja na kuuliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Jikoni mlikuwa mnafanya nini?"

Mama Bado alidhani anaulizwa kuhusu chakula. Akaeleza kila kitu: kitunguu, nyanya, kikaango kipya, moto, ile harufu ya upya.

"Kikaango cha nonstiki?" daktari akauliza. "Kitupu? Kwenye moto mkubwa?"

"Ndiyo, nilikuwa nakipasha."

Daktari hakumkaripia. Alimweleza, huku mikono yake ikiendelea kufanya kazi, kwamba ule utando mweusi ukizidiwa na moto hutoa moshi ambao mtu anaweza kuuvumilia, pengine akapata kikohozi na homa, lakini mapafu ya ndege hayauwezi kabisa. Akamwingiza kasuku kwenye kisanduku cha hewa ya oksijeni.

"Ungechelewa kidogo kumtoa nje, nisingekuwa na cha kutibu," alisema. "Hata sasa siwaahidi kitu. Tusubiri."

Neno lile la kusubiri, ambalo Mama Bado amelitumia kuwakera watu maisha yake yote, siku ile lilimkera yeye.

Kasuku akabaki kwa daktari, wao wakapanda teksi kurudi. Babu alikuwa ameshika kitambaa cha kufunikia tundu, amekikunja vizuri mapajani. Mshonaji alikuwa anatazama dirishani na kufuta macho. Mama Bado akayasoma machozi yale kwa namna yake: akaona ni lawama.

Alipofika kwake alizima simu. Hilo ndilo analolicheka zaidi sasa, ila wakati ule hakukuwa na cha kucheka. Aliogopa kuipokea ile habari. Akaona heri asiisikie kabisa kuliko kuisikia kwenye simu, akiwa peke yake, amesimama katikati ya chumba.

Kesho yake hakwenda kazini. Alikuwa na kikohozi na homa, kama alivyoambiwa na daktari. Alifua aproni zote mbili za kazi, akazipiga pasi, akazikunja. Akaweka ufunguo wa mlango wa jikoni juu yake. Vyote akavitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Nilikuwa nimeamua. Nirudishe vitu vya watu, niombe radhi kwa Babu, niondoke kwa heshima. Mwanangu wa chuo ningemwambia nini, sikujua. Ada ya muhula ilikuwa inakuja. Lakini nilisema Mungu atafungua njia nyingine, hapa siwezi kukaa."

Mwanawe huyo wa mwisho anakumbuka kwamba alipiga simu siku hiyo hadi akachoka. "Nilijua kuna jambo. Mama hazimi simu, hata kanisani anaisahau ikalia."

Asubuhi ya siku ya tatu, Mama Bado alijikaza kisabuni na kwenda. Alifika getini na mfuko wake mkononi. Akainua mkono agonge, akaushusha. Akauinua tena. Anasema alirudia hivyo mpaka jirani aliyekuwa akifagia akamuuliza kama geti limepotea.

Ndipo aliposikia sauti kutoka ndani. Sauti nzito ikauliza, "Tayari?"

Na sauti nyingine ikajibu, ikikwaruza kama ya mtu mwenye mafua, "Bado!"

Mama Bado yuko nje ya geti, mdomo wake umefungwa, na sauti yake iko ndani.

"Sikugonga tena," anasema, na hata leo anaposimulia anatafuta kiti. "Nilikaa chini palepale, kwenye vumbi, na sketi yangu ya kutokea. Nikacheka, nikalia, sijui kilianza kipi. Yule jirani akaacha ufagio akaja kunishika, akidhani nimeanguka kifafa. Nikamwambia niache, dada yangu, niache, ndege yuko hai! Akazidi kuniogopa."

Kelele hizo ndizo zilizomtoa mshonaji. Alifungua geti akiwa ameshika kikaango cheusi, kwa kuwa alikuwa anakipeleka kwenye pipa la taka. Alipomwona mpishi wake chini, na mfuko wenye aproni zilizopigwa pasi, akaelewa. Wote wawili wakaanza kusema kwa pamoja.

"Dada, nisamehe, nimekuja kuaga—"

"Mama, nisamehe, mimi ndiye niliyekileta, sikukueleza chochote, nimekupigia simu mpaka—"

"Ni mimi niliyekichoma—"

"Ni mimi niliyekinunua—"

Kumbe machozi ya kwenye teksi hayakuwa lawama. Mshonaji alikuwa akijilaumu mwenyewe siku zote tatu, kwamba wema wake ndio uliouleta moshi ule ndani ya nyumba na sasa umemfukuza mama anayemtunza baba yake. Alikuwa na hofu kwamba Mama Bado amekasirika na ndiyo maana hapokei simu.

Waliombana msamaha pale getini hadi sauti ya tatu ikawakatiza kutoka ndani. Hii haikuwa ya kasuku.

"Mkimaliza kusameheana," Babu alipaza sauti, "mimi nina njaa. Huyu binti yangu amenipikia mayai siku mbili, nimekula makaa."

Mshonaji hakatai. "Yaliganda," anasema. "Yote."

Kondakta alikuwa amerudishwa jana yake jioni. Daktari aliagiza apumzike, asipigiwe kelele, na akatoa agizo jingine lisilo na mjadala: kwenye nyumba yenye ndege, nonstiki isiingie jikoni.

Kwa hiyo stenlesi imerudi motoni. Tundu limehamishiwa upande wa pili wa nyumba, kwenye kibaraza chenye upepo, na Kondakta hulalamikia uhamisho huo kwa filimbi ndefu. Kikaango cheusi hakikufika kwenye pipa. Mama Bado alikiomba akakipeleka kwake, ambako mnyama pekee ni paka wa jirani anayekuja kuiba.

Huko anakitumia, tena anakisifu. Moto mdogo. Mafuta au siagi vinatangulia ndipo jiko linawashwa, hakikai kitupu hata kidogo. Dirisha wazi. Mwiko wa mti, si kijiko cha chuma, maana kikichubuka safari yake imeisha. Kwa mayai na vyakula laini vya mtu mmoja anayepika amechoka, anasema, hakina mpinzani.

"Nyama, vitunguu, kitu unachotaka kiwe na rangi na mchuzi mzito, nipe stenlesi yangu. Inavumilia moto, inavumilia kusuguliwa, nitamwachia hata mjukuu. Lakini ukinikuta naguna jikoni kwa mtu tena, nikumbushe Kondakta."

Mwanawe wa chuo, anayejipikia kwenye jiko dogo la gesi hosteli, alimuuliza juzi anunue kipi. Stenlesi nzuri inamaliza karibu nusu ya mshahara wa mwezi wa mama yake. Mama Bado alimwambia achukue nonstiki ndogo kwa sasa, asiwashe moto mkubwa, na stenlesi itakuja siku atakapokuwa na mshahara na mtu wa kumpikia. Akina mama wa kikundi waliposikia kwamba kauli hiyo imetoka kwake, walitaka kumpima joto.

Uzito wa kikaango ndio uliobaki kuwa fumbo, maana mkono bado haujapona. Aliyeupatia dawa ni Babu.

Asubuhi hii mayai yakiwa tayari, mzee anaingia jikoni kwa mwendo wake wa kukokota, anasalimiwa shikamoo, anaitikia, na bila kuambiwa anakamata mpini kwa kitambaa. Magoti yamemchoka, lakini mikono iliyovuta breki za treni maisha yote bado ipo. Mama Bado anashika upande wa pili, ule wenye kishikio kidogo. Wanainamisha pamoja.

"Polepole, Babu."

"Nimeendesha mabehewa, binti. Mayai hayanishindi."

Mshonaji anasema kwamba kabla ya haya baba yake hakuwa na kazi asubuhi zaidi ya kuota jua na kuuliza kama chakula kiko tayari. Sasa saa kumi na mbili na nusu ameshavaa na viatu, anasubiri kuitwa kazini. Anakata hata kitunguu, ingawa Mama Bado anasema bado anakikata vipande vya kulisha farasi.

Mwezi ujao Mama Bado ataanza mazoezi ya mkono hospitalini. Mwakani mwanawe anamaliza chuo, na mshonaji amekubali kwamba baada ya hapo mama atakuja asubuhi tu, mchana akapumzike. Gazeti hili lilipomuuliza kama hafikirii kuacha kabisa, akiwa na mkono ule na umri ule, alimaliza kwanza kupanga sahani. Kisha akamtazama Babu akipuliza yai lake.

"Juzi nilikuja hapa na aproni kwenye mfuko," akasema. "Ningetoka nikiwa nimeinamisha kichwa, na nisingeipita barabara hii tena. Sasa hivi sina wasiwasi. Siku nikiondoka kwenye nyumba hii, nitaondoka kwa sababu nimezeeka, si kwa sababu naona haya."